JANGWA LIKICHANUA: Matembezi ya Miguu katika Nchi ya Namaqualand

Katika lugha yetu neno "jangwa" halina sifa njema. Tukisema mahali fulani ni jangwa, twamaanisha kwamba hapana kitu: hapana maji, hapana malisho, hapana watu, wala hapana sababu ya mtu mwenye akili timamu kupoteza hata siku moja ya likizo yake kwenda huko. Neno limekuwa hukumu, na hukumu hiyo imedhuru nchi nyingi na watu wengi. Maana mahali pakiisha kuitwa patupu, mwenye nguvu huja akapachukua kwa urahisi, na hakuna amwulizaye amemnyang'anya nani.

Liko jangwa moja hapa hapa Afrika ambalo kila mwaka, kwa muda wa majuma machache, hutoa ushahidi wake mbele ya watu wote dhidi ya hukumu hiyo. Jina lake ni Namaqualand. Liko pembe ya kaskazini-magharibi ya Afrika Kusini, kati ya bahari ya Atlantiki na nyanda za juu za bara, na kaskazini lapakana na Mto Orange, ambao ng'ambo yake ni Namibia. Mji wake mkubwa ni Springbok, kadiri ya kilomita 550 kutoka Cape Town. Mtu akipita huko mwezi Januari ataona mawe, mchanga na vichaka vilivyokauka, naye atasema kwamba hukumu ile ilikuwa ya haki. Akirudi mwishoni mwa Agosti, mwaka ambao mvua ilinyesha vema, atakuta mabonde mazima yamegeuka rangi ya chungwa, na kando yake manjano, nyeupe, zambarau na samawati, hata macho yakashindwa kuona ardhi yenyewe.

Kila mfanyakazi anayesoma ukurasa huu hataweza kufunga safari ya kwenda huko; nauli si ndogo na siku za mapumziko ni chache. Lakini kisa cha jangwa hili chafaa kujulikana na kila mtu, kwa sababu ndani yake mna elimu ya mimea na wanyama, na mna pia swali kubwa la nani mwenye nchi na nani mwenye kufaidi uzuri wake.

MVUA INYESHAYO WAKATI WA BARIDI

Sisi tulio karibu na Ikweta twahesabu majira yetu kwa mvua: masika, vuli, na kiangazi kati yake. Kusini kabisa mwa bara letu watu huhesabu kwa joto na baridi, nao wana majira ambayo sisi hatunayo hasa, yaani majira ya machipuo, yajayo baada ya baridi na kabla ya joto kali. Kwao ni mwezi wa Agosti, Septemba na Oktoba.

Sehemu kubwa ya kusini mwa Afrika hupata mvua wakati wa joto. Namaqualand ni kinyume. Mvua yake huja wakati wa baridi, kati ya Mei na Agosti, ikiletwa na mawingu yatokayo baharini upande wa kusini-magharibi. Tena ni kidogo mno. Springbok hupata kadiri ya milimita 200 hivi kwa mwaka mzima, na Port Nolloth ulioko pwani hupata chini ya milimita 100, hali Dar es Salaam hupata zaidi ya milimita 1,000. Pwani hiyo huoshwa na mkondo wa maji baridi uitwao Benguela. Maji hayo baridi huzuia mvua kufanyika, lakini huleta ukungu unaoingia bara usiku na asubuhi, na mimea mingi ya huko huishi kwa umande huo.

Basi siri ya kwanza ya jangwa hili ndiyo hii: mvua yake, ingawa ni kidogo, huja karibu kila mwaka kwa wakati wake, nayo huja wakati jua halina ukali wa kuinyonya mara moja. Kidogo kinachokuja kwa uaminifu chaweza kulisha zaidi ya kingi kijacho kwa bahati.

MBEGU ZISIZO NA HARAKA

Maua mengi yanayotandaza zulia ni ya mimea ya mwaka mmoja. Mmea huota baada ya mvua ya kwanza ya majira ya baridi, hukua polepole, huchanua machipuo yanapofika, hutoa mbegu, kisha hufa kabla joto la Novemba halijaukuta. Maisha yake yote ni miezi michache. Wakati wote uliobaki, nchi hiyo huishi chini ya ardhi kwa namna ya mbegu.

Mkulima mwenye busara hapandi mbegu zote siku ya mvua ya kwanza. Huweka akiba, asije akadanganywa na wingu moja. Mimea ya Namaqualand hufanya vivyo hivyo. Mbegu za mmea mmoja haziotI zote mwaka mmoja. Nyingine hulala mwaka wa pili, na nyingine zaidi, ili ukame ukiua wale walioota, ukoo usikatike. Ua mashuhuri kuliko yote huko, lenye rangi ya chungwa, ambalo wataalamu hulita Dimorphotheca sinuata, huzaa mbegu za namna mbili katika kichwa kimoja: nyingine zina mabawa membamba ya kuchukuliwa na upepo, na nyingine hazina. Jina lenyewe la Kiyunani lataja jambo hilo la maumbo mawili.

Iko pia jamaa ya mimea minene yenye kuweka maji katika majani, ambayo watu wa huko huiita vygie. Vifuko vyake vya mbegu hufumba wakati wa ukavu wote, hata kwa miezi mingi. Tone la mvua likiangukia kifuko, hufumbuka; matone yafuatayo huzirusha mbegu nje; na kifuko kikikauka hufumba tena, kikiweka akiba ya mbegu zilizobaki kwa mvua nyingine. Hapana bawabu aliye mwaminifu kuliko huyo.

KUTEMBEA NA JUA MGONGONI

Watu wengi huenda Namaqualand kwa motokaa, wakatazama dirishani, wakapiga picha, wakaondoka. Mwenye kutaka kuona hapana budi ashuke atembee. Kuna njia za miguu katika hifadhi ya Goegap, iliyo karibu na mji wa Springbok, na katika Hifadhi ya Taifa ya Namaqua, sehemu iitwayo Skilpad, magharibi ya mji mdogo wa Kamieskroon. Nyingine ni fupi za saa chache, ambazo mtu yeyote mwenye afya na viatu imara aweza kuzimaliza.

Lakini hata kutembea huko kuna maarifa yake. La kwanza ni saa. Mtu aliyezoea kudamka alfajiri na kupanda mlima kabla jua halijachomoza atasikitika, maana maua hayo hulala. Hufumbuka jua likiisha kupanda na hewa ikiisha kupata joto, yapata saa nne asubuhi, na kufikia saa kumi alasiri huanza kufumba. Siku ya mawingu au ya baridi hayafumbuki kabisa, na bonde lililokuwa likiwaka jana huonekana leo kama majani matupu. Sababu yake si uvivu. Wadudu wa kuchukua chavua hawaruki wakati wa baridi. Basi kufumbuka wasipokuwapo ni kuitia chavua hasara kwa umande na mvua.

La pili ni upande. Nchi hiyo iko kusini ya mzunguko wa jua, kwa hiyo jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini, na maua huligeukia. Mtu aendaye kaskazini huona migongo ya maua siku nzima. Aendaye kusini, jua likiwa mgongoni mwake, hutazamana nayo uso kwa uso. Katika matembezi ya mzunguko, basi, yafaa mtu ageuke kila mara atazame alikotoka.

La tatu ni uangalifu. Machipuo huwa na mchana wa joto na usiku wa baridi kali, hivyo mtembezi achukue maji ya kutosha na nguo nzito pia. Joto likirudi, nyoka nao hutoka kuota jua njiani. Kifutu hulala kimya pasipo kukimbia, na rangi yake ni ile ile ya mchanga. Mwenda pole hajikwai, na huko mwenda pole ndiye aonaye mengi. Tena asitoke katika njia. Kila hatua nje ya njia hukanyaga mamia ya mimea ambayo haijatoa mbegu za mwaka ujao.

WENYEJI WA MABONDE

Msimu wa maua ni msimu wa karamu kwa wanyama. Katika Goegap mtembezi aweza kuona punda milia wa milimani, choroa wenye pembe ndefu kama mikuki, na wale swala walioupa mji wa Springbok jina lake. Juu ya majabali makubwa ya mviringo husimama mbuzi mawe kwa ncha za kwato, na katika nyufa hujificha pimbi, wakimchungulia tai mweusi azungukaye juu, kwa kuwa pimbi ndio chakula chake kikuu. Bweha masikio hutegea masikio yake makubwa ardhini apate kusikia mchwa wanaotembea chini. Usiku muhanga huchimba vichuguu, na nungu hutafuta viazi vya mimea ambavyo vimejaa katika udongo huo.

Kobe hutoka kula maua. Mmoja wao, aishiye katika nyufa za mawe ya Namaqualand, ndiye kobe mdogo kuliko wote duniani. Gamba lake halifiki sana sentimeta 10, na mtu mzima humweka katika kiganja. Mwenye kutazama mbali hatamwona kamwe.

Yuko ndege afananaye na njiwa, aitwaye firigogo. Hula mbegu kavu, kwa hiyo kila siku sharti anywe maji, hata kama kisima kiko mbali mno na kiota. Makinda hayawezi kuruka kwenda kunywa. Basi baba huingia majini akalowesha manyoya ya kifua chake, ambayo yameumbwa kushika maji kama sifongo, kisha huruka kwa kilomita nyingi kurudi jangwani, na makinda hunyonya maji katika kifua cha baba yao. Wako wanadamu wengi wa kujifunza kwa ndege huyu!

Na wadudu nao wana mambo. Wako mbawakawa wadogo wenye manyoya ambao hujichimbia ndani ya ua hata ukaona sehemu ya nyuma tu. Liko pia ua moja la rangi ya chungwa, Gorteria diffusa, ambalo juu ya petali zake lina mabaka meusi yaliyovimba yenye mng'aro. Mabaka hayo yamefanana mno na inzi jike wa aina fulani aliyetua. Inzi dume humjia huyo anayemdhani mchumba, hukosa alichokitaka, huondoka na chavua mwilini, na ua la pili humdanganya vile vile. Hivyo kazi ya kuzalisha ua hufanywa na kibarua asiyejua kwamba anafanya kazi, wala halipwi. Msomaji aliye mfanyakazi ataelewa upesi.

ZULIA NA MAWE

Hapa yafaa tuseme jambo ambalo wageni wengi hawaambiwi. Yale mazulia makubwa ya rangi ya chungwa yapigwayo picha zaidi mara nyingi ni mashamba ya zamani ya ngano yaliyoachwa. Mimea ya mwaka mmoja hupenda udongo uliotifuliwa. Mahali jembe au kwato zilipoondoa vichaka vya asili, ndipo hujaa kwa haraka. Zulia hilo ni zuri, lakini aghalabu ni alama ya jeraha lililofunikwa.

Utajiri wenyewe wa nchi hiyo u mahali pengine, tena hauonekani kwa mbali. Namaqualand ni sehemu ya ukanda uitwao Succulent Karoo, wenye zaidi ya aina 6,000 za mimea, na karibu mbili katika kila tano hazipatikani popote pengine duniani. Mingi kati ya hiyo ni mimea minene midogo. Katika nyanda za Knersvlakte, ambako ardhi imefunikwa kokoto nyeupe za kwazi, mtu aweza kusimama akidhani anakanyaga mawe matupu. Akipiga magoti ataona kwamba baadhi ya yale mawe ni mimea: vidole vinene vya kijani na kijivu, vimezama baina ya kokoto, vikijikinga na jua kwa weupe unaourudisha mwanga juu. Aina nyingine huishi katika kilima kimoja tu. Kilima hicho kikichimbwa, au kikivunwa usiku mmoja na wezi, aina hiyo imekwisha ulimwenguni.

Kaskazini zaidi, katika milima ya Richtersveld, kuna mshubiri mkubwa kama mti, ambao Wasani waliyatoboa matawi yake wakafanya podo za mishale. Kuna pia mmea wenye shina moja refu la miiba na kichwa cha majani, nao huinama kuelekea kaskazini. Waafrikaans huuita "nusu mtu". Wanama husimulia kwamba hao ni wazee wao waliofukuzwa kutoka kaskazini ng'ambo ya mto, wakageuka kutazama nyuma kwao kwa huzuni, wakabaki hivyo. Hadithi hiyo yatuingiza katika habari ya watu.

SHABA, ALMASI NA WENYE NCHI

Namaqualand ni nchi ya Wanama; jina lake lasema hivyo. Tangu kale walihama na mbuzi na kondoo wao kwa kufuata majira, wakibeba nyumba zao za mikeka, ambazo hufunuliwa na kufungwa juu ya fito zilizopindwa. Walijua malisho yapi yapumzishwe na kisima kipi kitumiwe mwezi gani. Hawakuona jangwa tupu, waliona ratiba.

Mwaka 1685 Simon van der Stel, aliyekuwa mtawala wa Kampuni ya Waholanzi huko Rasi, alikwenda na msafara mkubwa kutafuta shaba ambayo Wanama walikuwa wakiileta. Aliikuta, akachimba mashimo, lakini njia ilikuwa ndefu mno kuisafirisha. Uchimbaji wa biashara ulianza mwaka 1852, na katika miaka ya 1870 ilijengwa reli nyembamba kushuka hadi Port Nolloth. Mwaka 1925 almasi zikapatikana karibu na pwani hiyo, na muda si muda zikagunduliwa nyingi huko Alexander Bay. Hapo ndipo "jangwa lisilo na kitu" lilipopata ghafula waya, walinzi na vibao vya kuzuia watu. Watu wa Richtersveld walifukuzwa kwenye ardhi yao ya pwani, na serikali ikaanza kuchimba almasi hapo. Baadaye, wakati wa siasa ya ubaguzi, Wanama walitiwa katika fungu la watu walioitwa Machotara, na lugha yao ikadharauliwa shuleni.

Utawala wa ubaguzi ulipoondoka mwaka 1994, watu wa Richtersveld walikwenda mahakamani. Kampuni ya serikali ilijibu kwamba nchi ile ilikwisha kuwa mali ya Serikali ya Kiingereza tangu ilipotwaliwa katika karne ya 19, kwa hiyo wenyeji hawakuwa na haki iliyobaki. Tarehe 14 Oktoba 2003 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilikataa hoja hiyo. Ilisema kwamba jamii hiyo ilikuwa na umiliki wa ardhi kwa sheria yake ya asili, pamoja na madini yaliyomo, na kwamba kunyang'anywa kwake kulikuwa ni ubaguzi wa rangi. Hukumu hiyo husomwa hata leo na wanasheria wa nchi nyingi.

Jambo jingine lilitangulia. Serikali ya zamani ilitaka kufanya milima ya Richtersveld kuwa hifadhi ya taifa na kuwaondoa wafugaji. Wafugaji walikataa, wakaizuia kwa mahakama. Hifadhi ilipoanzishwa mwaka 1991, ilikuwa kwa mkataba: wenyeji wakabaki na haki ya kulisha mifugo ndani yake, na hifadhi ikawalipa kodi ya ardhi. Mwaka 2007 eneo jirani, ambalo linamilikiwa na kutunzwa na jamii yenyewe, liliandikwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia, kwa sababu ya ufugaji ule ule wa kuhama ambao wakubwa wa zamani waliuona ni ujinga.

Yawapasa watembezi wote kulikumbuka jambo hili. Mtu akitembea katika maua ya nchi ile anatembea katika malisho ya watu.

WIZI WA MAUA

Shaba na almasi zimetoa mali nyingi Namaqualand, lakini si nyingi iliyobaki. Migodi mikubwa ilipopunguza kazi au kufungwa, miji iliyojengwa kwa ajili yake ilibaki na watu wasio na ajira. Juu ya hayo ukaja ukame mkali wa miaka kadhaa mfululizo tangu katikati ya miaka ya 2010, ukaua mifugo na mimea pamoja. Mchanga uliolegezwa na machimbo na malisho yaliyochoka hupeperushwa na upepo na kufunika mimea.

Katika hali hiyo ikaja biashara mpya. Mimea ile midogo kama mawe, hasa jamii ya Conophytum, imependwa mno na watu wa nchi za mbali, Asia ya Mashariki, Ulaya na Marekani, ambao huiweka dirishani katika vyungu. Tangu kadiri ya mwaka 2019 wizi wake umeongezeka kupita kiasi. Wanunuzi huagiza kwa intaneti. Mawakala hutafuta vijana wasio na kazi, huwapa picha ya mmea na ahadi ya fedha kidogo. Vijana hung'oa kwa magunia. Polisi wamekamata mamia ya maelfu ya mimea hiyo. Hata ikikamatwa haiwezi kurudishwa tu ardhini, kwa kuwa hakuna ajuaye kila mmoja ulitoka kilima gani, na yaweza kurudi na magonjwa. Mmea uliochukua miaka mingi kufikia ukubwa wa kidole gumba humaliza maisha yake katika kasha.

Ni kweli kwamba mwizi ni mwizi, na sheria ya nchi sharti ifuatwe. Lakini tukiangalia mnyororo wote, twaona kwamba aliye mwisho wake, mwenye mikono ya udongo, ndiye apataye kidogo kuliko wote na ndiye akamatwaye kwanza. Ni hesabu ile ile ya shaba na almasi, isipokuwa safari hii kilichochimbwa kina uhai. Dawa yake haiwezi kuwa polisi peke yao. Kijana ambaye hulipwa kuwaongoza wageni milimani, au kuzaa mimea hiyo kwa mbegu katika kitalu halali, ana sababu ya kukilinda kilima. Asiye na chochote hana.

KWETU NAKO

Tusidhani kwamba habari hii ni ya wengine. Katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania iko Kitulo, ambayo wenyeji huiita Bustani ya Mungu, nayo ilitangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005. Wakati wa mvua majani yake hujaa maua ya aina nyingi, hasa okidi. Sababu mojawapo ya kuilinda ilikuwa biashara ya viazi vya okidi hizo, vilivyochimbwa kwa wingi na kupelekwa Zambia, ambako hupondwa pamoja na karanga kufanya chakula kiitwacho chikanda. Wachimbaji walikuwa wanakijiji wenye shida. Faida kubwa ilikwenda kwa wachuuzi wa mbali. Yule ambaye nauli ya kwenda Namaqualand imemshinda, Kitulo haiko mbali naye hivyo, na huko pia hapana haja ya bunduki wala motokaa ya fahari: viatu, maji, na macho yaliyo tayari kutazama chini.

Watu wetu wengi wamezoea kufikiri kwamba kutembea porini kwa miguu bila shughuli ni mchezo wa Wazungu. La, hasha. Babu zetu walikuwa watembezi, nao walijua jina na kazi ya kila mmea njiani. Tulichopoteza ni hayo majina. Mfanyakazi anayetumia siku tatu za likizo yake kutembea na watoto wake na kuwauliza wazee wa mahali majina ya maua, amefanya kazi ya elimu ambayo hakuna shule iwezayo kuifanya badala yake.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Huo ndio uwe mzani wetu kwa kila safari ya kutazama uzuri wa nchi, iwe Namaqualand, iwe Kitulo. Mgeni aliyefika, akatembea, akalala katika nyumba ya mwenyeji, akamlipa kiongozi wake haki yake, akaacha mbegu zilipo, amefanya ziara njema. Mgeni aliyepiga picha ya zulia kwa dirisha la motokaa, akanunua mmea wa wizi kwa ukumbusho, huyo hakuona kitu. Na mwaka ujao, mvua ikinyesha, patakuwa na kitu kidogo zaidi cha kuonwa na mwingine.